Mawe matatu, ripoti tatu: uchambuzi wa kisa cha almasi ya pete ya uchumba

Mnunuzi alikuwa ameshaamua kabla hatujaketi. Kati ya almasi tatu alizotengewa, moja ilikuwa na karati 1.01, rangi E na usafi VVS2, na kwake hesabu ilikuwa imefungwa: uzito umevuka karati moja, rangi ni ya pili kutoka juu, na usafi ni wa daraja ambalo hata mtaalamu hupata tabu kuziona kasoro zake kwa lenzi. Hakuniita nimsaidie kuchagua. Aliniita nimpe baraka. "Mzee, hili nitakosea wapi?" Mchumba wake, ambaye pete ingekaa kidoleni mwake, alikuwa bado hajaulizwa lolote.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu hapakuwa na udanganyifu ndani yake. Ripoti zote tatu za maabara zilikuwa halali, muuzaji alikuwa mama mkweli anayeijua kazi yake, na mawe yote yalikuwa almasi asilia. Hata hivyo, jiwe lililoongoza kwenye karatasi halikuwa la kununuliwa, na hakuna mahali kwenye daraja la rangi wala la usafi ambapo mnunuzi angeonywa.

Mawe yenyewe yalikuwa hivi. (Rangi huhesabiwa kwa herufi kuanzia D isiyo na rangi, na umanjano huongezeka kadiri herufi zinavyosonga; usafi hushuka kutoka VVS kwenda VS, kisha SI.) La kwanza ni hilo nililokwisha kulitaja, na daraja lake la ukataji lilikuwa "Nzuri". La pili lilikuwa na karati 0.92, rangi H, usafi VS2, ukataji wa daraja la juu kabisa. La tatu lilikuwa na karati 1.05, rangi G, usafi SI1, ukataji wa daraja la juu pia, na fluresensi kali ya bluu, yaani huwaka bluu likimulikwa kwa taa ya urujuanimno. La kwanza lilikuwa ghali kuliko mengine kwa mbali, la tatu likafuata, la pili likawa rahisi kuliko yote. Yote yalikuwa ya mviringo, ule ukataji wa nyuso 57 au 58 unaoonekana kwenye pete nyingi, na hakuna lililokuwa limeshafungwa kwenye pete. Hilo la mwisho lilitusaidia mno. Jiwe likishashikwa na kucha za pete, ukingo wake hujificha, metali hulipaka rangi yake, na huwezi kulipima uzito. GIA, maabara iliyoanzishwa Marekani mwaka 1931 na ambayo vipimo vyake ndivyo vinavyofuatwa na wengi, haitoi ripoti ya madaraja kwa jiwe lililokwisha kufungwa.

Utambulisho niliumaliza upesi. Nilitafuta kwa lenzi namba iliyochorwa kwa leza kiunoni mwa kila jiwe, yaani kwenye ukingo unaotenganisha sehemu ya juu na ya chini, nikailinganisha na ya ripoti, tukaitafuta namba hiyo kwenye tovuti ya maabara, kisha mama akayapima mawe kwa mizani na kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, mbele yetu. Kila kitu kililingana. Kijana, yule mnunuzi, alitaka kupuliza pumzi juu ya jiwe aone kama ukungu utatoweka haraka, kwa kuwa amesikia ndivyo almasi inavyojulikana. Ni kweli almasi hupitisha joto kwa kasi, lakini moisanaiti, jiwe linalofanana na almasi, nayo haiko nyuma, kiasi kwamba vipimo vya mkononi vinavyotegemea joto peke yake huichukulia kuwa almasi. Na almasi iliyokuzwa maabara haina cha kukamatiwa hapo kabisa, maana ni kaboni ileile yenye mpangilio uleule na ugumu uleule. Kuitenganisha na ya asilia ni kazi ya mashine za maabara. Pumzi aiache.

Nikayafuta mawe kwa spiriti. Almasi huvuta mafuta, na kushikwashikwa na vidole kunatosha kuififisha hata iliyokatwa vizuri. Hukumu nyingi mbaya juu ya mawe mazuri zimetokana na uchafu wa vidole tu.

Kuondoka chini ya taa za dukani

Pale mezani, mawe yote matatu yaliwaka. Lazima yawake. Taa ndogo kali, nyingi, zilizopangwa darini juu ya meza ya kuuzia huifanya almasi yoyote itoe miali ya rangi, hata iliyokatwa ovyo, kwa sababu kila taa ni nukta ya nuru na kila uso wa jiwe unapata ya kwake. Nilimwomba mama turuhusiwe kuyasogeza dirishani, upande usiopigwa na jua, na akakubali bila kinyongo. Muuzaji akikataa hilo, mimi huaga.

Dirishani nuru ni ya kutawanyika, na hapo ndipo jiwe linapoonyesha kama lina weupe wake lenyewe. Nililishika la kwanza kwa kibanio, kama sentimita 30 kutoka machoni, nikalitazama usoni moja kwa moja bila kuliinamisha. Kuzunguka kingo za meza, ule uso mpana ulioko juu katikati, palikuwa na utepe wa kijivu ulioizunguka meza yote. Nilipoliinamisha, utepe ulihama kidogo lakini haukuondoka. Weusi peke yake si kosa: almasi nzuri ina sehemu nyeusi nyingi, kwa kuwa inaakisi pia kichwa cha anayeitazama, na ni kupishana kwa weusi na weupe kunakolifanya jiwe limetemete mkono unapotembea. Tofauti ni kwamba weusi mzuri huwaka na kuzima. Huu wa jiwe la kwanza ulikaa palepale, umefifia, hauzimi wala hauwaki.

Kuhakikisha, nikaweka kadi nyekundu chini ya jiwe. Utepe wa kijivu ukageuka mwekundu. Maana yake pale ulipokuwa utepe tulikuwa tunaona kilichoko nyuma ya jiwe. Nuru iliyoingia kwa juu ilikuwa inatokea chini badala ya kurudi kwetu. Nikalihamishia jiwe la pili juu ya kadi hiyo. Wekundu ulionekana kama vidoa viwili vitatu ukingoni, basi.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini Mzee, hilo ndilo lenye VVS2."

Ndilo. Na VVS2 yake ni ya haki. Usafi unasema kuna nini ndani ya jiwe, rangi inasema jiwe lina umanjano kiasi gani, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema nuru itakwenda wapi ikishaingia.

Hesabu iliyo nyuma ya utepe

Almasi hupinda nuru kwa nguvu. Kipimo chake cha kupinda nuru ni karibu 2.42, wakati kioo cha kawaida kiko kwenye 1.5 hivi. Kwa ajili hiyo nuru iliyokwisha kuingia haitoki kirahisi: ikiujia ukuta wa ndani ikiwa imelala kwa zaidi ya nyuzi 24.4 hivi kutoka mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo, hurudishwa yote ndani. Mkataji hodari huzipanga kuta za chini ili mwale ugonge upande mmoja, uvuke, ugonge upande wa pili, kisha upande juu na kutokea mbele ya jicho. Mwinamo wa chini ukizidi au ukipungua, mmoja wa migongano hiyo unakosa ulalo unaohitajika, na nuru inapotelea chini.

Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mtoto wa ukoo wa wakataji almasi, alichapisha hesabu zake juu ya jambo hili: sehemu ya juu, yaani taji, iwe na mwinamo wa nyuzi 34.5, sehemu ya chini nyuzi 40.75, na meza iwe asilimia 53 ya kipenyo cha jiwe. Leo wakataji hawafungwi na namba hizo moja kwa moja. Imeonekana kwamba zipo jozi nyingi zinazofanya kazi vizuri, mradi taji na sehemu ya chini zifidiane: taji likisimama zaidi, chini kulale zaidi. Mahali pa kuogopa ni pale vyote viwili vinaposimama kwa pamoja.

Sasa tusome ripoti. Jiwe la pili: meza asilimia 56, taji nyuzi 34.5, chini nyuzi 40.8, kina asilimia 61.5 ya kipenyo. Jiwe la kwanza: meza asilimia 57, taji nyuzi 36.5, chini nyuzi 42.0, kina asilimia 65.9, kiuno kinene. Taji limesimama na chini kumesimama. Utepe wa kijivu ulikuwa umeandikwa kwenye ripoti tangu mwanzo, kwa namba ambazo wanunuzi wengi huziruka kwa kuwa ziko kwenye mchoro mdogo pembeni. Nyuzi 1.2 za tofauti upande wa chini zinaonekana kitu kidogo. Kwenye almasi ni nyingi sana. Tena namba za GIA ni wastani uliokadiriwa, wa taji hadi nusu nyuzi iliyo karibu na wa chini hadi sehemu mbili za kumi. Kwa hiyo ripoti hukuambia jiwe gani la kulikataa kwa urahisi zaidi kuliko inavyokuambia lipi ni zuri. Uzuri bado utautafuta kwa macho.

Na daraja la "Nzuri"? Kwenye ukataji GIA ina madaraja matano, na hilo ni la tatu. Juu yake kuna mawili. Kijana alikuwa amelisoma kama sifa.

Halafu kuna vipenyo, ambavyo mimi naona ndiyo kitovu cha kisa hiki. Jiwe la karati 1.01 lilikuwa na kipenyo cha milimita 6.22. Jiwe la karati 0.92 lilikuwa na milimita 6.26. Zito ndilo dogo. Karati ni uzito, miligramu 200, wala haipimi upana. Miligramu 18 ambazo jiwe la kwanza lilizidi zilikuwa zimefichwa kwenye kina na kwenye unene wa kiuno, mahali ambapo mvaaji hatazamii kamwe. Nilipoyaweka mawili hayo ubavu kwa ubavu na kumwuliza kijana lipi ni la karati moja, alionyesha la pili.

Hakuna aliyekata jiwe la kwanza vibaya kwa kutojua. Mawe ghafi hupoteza sehemu kubwa ya uzito yakikatwa, mara nyingi zaidi ya nusu, na bei ya almasi haipandi kwa mteremko laini. Hupanda kwa ngazi, na ngazi ndefu mojawapo iko kwenye karati moja. Mkataji aliyeona kwamba kwa vipimo vizuri angeishia kwenye 0.9 na kitu, na kwa kuacha kiuno kinene na chini kirefu angevuka 1.00, alifanya hesabu yake ya biashara. Atakayelipia hesabu hiyo ni mnunuzi anayesoma uzito peke yake. Nikiliona jiwe la 1.00 au 1.01, jicho langu huenda kwenye kina kabla ya kitu kingine chochote. Yapo yaliyokatwa vizuri, ila yathibitishe.

Jiwe la tatu

La tatu lilinipa kazi zaidi, kwa sababu namba zake zilikuwa safi. Kina asilimia 61.5, kipenyo milimita 6.55, taji na chini vyote mahali pake. Kwa upana lilikuwa limewashinda wenzake, na tofauti ilionekana bila kipimo. Lakini bibi harusi mtarajiwa, nilipompa ayatazame yote matatu bila kumwambia lipi ni lipi, alilirudisha hilo mezani kwanza. "Hili ni kama kioo kilichopumuliwa," akasema. Hakuwa na lenzi wala ripoti.

Alikuwa sahihi. Jiwe lilikuwa na utusitusi. Miali ilitoka, lakini mipaka kati ya uso na uso haikuwa mikali. Weusi haukuwa mweusi na weupe haukuwa mweupe. Mama akasema huenda ni fluresensi, na hilo ndilo jibu ambalo wengi wangelitoa. Fluresensi ya bluu inasingiziwa mengi. Almasi nyingi zina fluresensi ya kiasi fulani, na kwenye zilizo nyingi haidhuru chochote. Kwenye jiwe lenye umanjano kidogo inaweza hata kulifanya lionekane jeupe zaidi kwenye nuru ya mchana. Ni chache tu, miongoni mwa zenye fluresensi kali, ambazo hutiwa ukungu nayo.

Njia ya kutenganisha sababu ilikuwa rahisi. Kama ukungu unaletwa na fluresensi, unategemea urujuanimno, ambao nuru ya mchana inao na taa nyingi za LED hazina wa kutajika. Tukalitoa jiwe dirishani, tukaingia chumba cha ndani kisicho na dirisha chenye taa ya LED ya kawaida. Ukungu haukupungua hata chembe. Fluresensi haikuwa na hatia.

Sababu ilikuwa kwenye mstari mmoja wa maelezo chini ya ripoti, kwa maandishi madogo: daraja la usafi limetokana na mawingu yasiyoonyeshwa kwenye mchoro. Wingu ni mkusanyiko wa vijipunje vidogo mno ndani ya jiwe. Likiwa dogo na mahali pamoja, ni kasoro ya kawaida isiyomsumbua mtu. Lakini mawingu yakitosha kulishusha jiwe hadi SI1 na mchora ramani ya kasoro asione pa kuyachora, aghalabu yametapakaa jiwe zima, na nuru inatawanyika njiani kabla haijafika popote. Ukataji uwe bora namna gani, hauwezi kuokoa jiwe lisilopitisha nuru vizuri. Wapo wanaohubiri kwamba SI1 isiyoonekana kwa macho ndiyo ununuzi wa akili. Mimi nakubaliana nao kwa masharti, na sharti la kwanza ni kujua kasoro ni ya aina gani. Fuwele moja nyeusi ndogo pembeni ni afadhali mara nyingi kuliko mawingu yasiyoonekana.

Hoja za kijana

Alikuwa na hoja mbili zilizobaki, na hakuna iliyokuwa ya kipuuzi.

Ya kwanza ni rangi. H iko mbali na E, na pete ilikuwa itengenezwe kwa metali nyeupe. Nikakunja karatasi nyeupe, nikayalaza mawe kwenye mkunjo huo yakiwa yamegeuka kifudifudi, tukayatazama kwa ubavu. Hivyo ndivyo rangi inavyopimwa, jiwe likiwa limegeuzwa, ili miali isimchanganye mtazamaji. H ilionyesha joto kidogo sana ikiwa karibu na E. Tukayageuza yakaangalia juu, tofauti ikapotea. Jiwe la pili lilirudisha nuru nyingi zaidi na likaonekana jeupe kuliko lenye E. Ni kawaida kwa mviringo uliokatwa vizuri. Kama angekuwa anataka umbo la yai au la chozi ningemwambia awe mkali zaidi kwenye rangi, kwa sababu maumbo marefu huikusanya nchani, na ripoti nyingi hazitoi daraja la ukataji kwa maumbo hayo. Hapo unabaki na macho yako na ule weusi wa umbo la tai ya kipepeo (ile ya shingoni) unaokatiza katikati ya jiwe.

Hoja ya pili ilikuwa ya moyoni: alitaka aweze kusema karati moja. Sikumcheka. Kitu hicho kina thamani kwa anayekitaka. Nilimwambia tu kwamba kama ni hivyo, asinunue lililoko mezani. Atafute la 1.00 au zaidi lenye ukataji kama wa jiwe la pili, na ashuke kwenye usafi hadi VS2 na kwenye rangi hadi G au H ili bei ikae. VVS2 ni pesa inayolipwa kwa kitu ambacho hakionekani bila lenzi inayokuza mara 10, na hata kwa lenzi hiyo ni kwa shida. Mchumba wake akamkata maneno: "Mimi nataka hili linalowaka." Mjadala ukaishia hapo.

Kabla ya malipo nilirudi kwenye jiwe la pili kwa lenzi, safari hii kwa ajili ya sonara. Lenzi ya mkono hukaa karibu na jicho, na jiwe ndilo husogezwa hadi lionekane, kama sentimita mbili na nusu mbele yake. Ukiishika mbali hutaona kitu. Kasoro zilizolifanya lipewe VS2 zilikuwa mbili za maana: fuwele ndogo isiyo na rangi karibu na ukingo, na ufa mwembamba uliofika hadi kiunoni upande wa pili. Ya kwanza haina madhara, ikiwezekana ikae chini ya ukucha wa pete na ikaisha habari yake. Ufa ni kinyume chake. Almasi ni ngumu kukwaruzwa lakini hupasuka, na ukucha ukikazwa juu ya ufa uliofika kiunoni, fundi anaweza kung'oa kipande. Kiuno chenyewe kilikuwa cha wastani, si chembamba mno.

Kwa hiyo maagizo kwa sonara yaliandikwa kwenye stakabadhi ya kazi: kucha nne, mmoja juu ya fuwele, hakuna hata mmoja juu ya ufa, na namba ya leza iachwe wazi ili isomeke. Pete ilipokuja, kitu cha kwanza nilichosoma kilikuwa ile namba.